Mnyauko wa Sebuleni

Ukitamka "mnyauko" mkoani Kagera, akili ya msikilizaji inakimbilia shambani. Mnyauko bakteria ulipoingia kwenye migomba yetu, miaka ya 2000, ulitufundisha kuliogopa kila jani linalolegea na kugeuka njano. Basi mmea wangu wa sebuleni hapa Ijuganyondo, Bukoba, ulipoanza kuinama mwezi wa nne, nikapata waganga wa aina mbili, wa panga na wa kopo la maji. Wa maji ndio waliokuwa wengi, nami nilikuwa kiongozi wao.

Ni ule mmea ambao wauza miche huuita ZZ, wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao ni huku huku, Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kushuka hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika tangu 1829, lakini ni miaka ya 1990 ndipo wakulima wa maua wa Uholanzi walipouzalisha kwa wingi na kuusambaza duniani. Yaani ni mwenzetu aliyekwenda ng'ambo akarudi na bei kubwa.

Tabia yake ameitoa kwao, kwenye misitu mikavu na mawe, ambako mvua huja kwa msimu na kukata. Chini ya udongo ana viazi, na humo ndimo anamoweka akiba ya maji. Sasa mlete Bukoba, mji unaopata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masika madirisha yamefungwa, hewa yenyewe mbichi, udongo wa chungu haukauki. Mimi nikamwaga kopo kila Ijumaa, kiangazi na masika, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa siku ya kununua.

Mama jirani aliingia akashika kiuno. "Waitu! Mwanangu, unakufa kwa kiu huu nawe unautazama tu?"

"Mama, hebu kinyanyue chungu."

Akakinyanyua nusu, akakirudisha. "Ee! Hii si ndoo?"

Uzito ule ndio uliokuwa jibu. Mizizi hupumua. Udongo mzuri una matundu ya hewa. Yakijaa maji, oksijeni hupenya kwa shida, kwani ndani ya maji husafiri polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi uliokosa pumzi hukosa nguvu ya kuvuta maji, na jani hulegea kwa kiu huku mmea umesimama kwenye dimbwi. Ukiona jani hilo ukaongeza kopo, umemaliza kazi. Hapo vimelea kama Pythium, ambavyo mbegu zake huogelea, huanza kula.

Kosa la pili lilikuwa chungu. Kilikuwa cha kauri, kizuri, hakina tundu, na kokoto nilizotandika chini "ili maji yachuje". Kokoto hizo hazisaidii kama wengi tunavyodhani. Udongo laini hushikilia maji kama kitambaa, hauyaachii kushuka kwenye kokoto mpaka ulowe chapachapa. Matokeo yake tope linapanda karibu zaidi na mizizi. Afadhali kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari wa moto.

Nilipoupindua mmea juu ya gazeti, harufu ilikuwa ya kinamasi. Nikasuuza. Viazi vilikuwa vitano. Viwili vigumu, vitatu ukivibonyeza vinatoa maji ya kahawia na ganda linabaki mkononi. Hapa somo la migomba, kwamba kisu hubeba ugonjwa, likanifaa: kisu kwenye Jik kwanza, na tena baada ya kila mkato. Vitatu nikavitupa, na mizizi iliyooza nikaikata mpaka nikaona nyeupe safi. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo nilivaa mfuko wa nailoni mkononi. Kisha sehemu inayowashinda watu: nikauacha mmea uchi kivulini siku mbili ili vidonda vikauke.

Kopo jipya lilikuwa dogo, la kutosha viazi tu na vidole viwili pembeni, maana udongo uliozidi mizizi ni maji yasiyo na mnywaji. Nikachanganya mchanga wa ziwani na chenga za mkaa kwa wingi kuliko udongo wa kibanja, ambao kwa ndizi ni dhahabu ila kwenye kopo hushikilia maji mno. Sikutia mbolea. Sikumwagilia kwa wiki mbili. Viazi vilikuwa na akiba yake. Mabua manne yalianguka hata hivyo, yakabaki matatu.

Mwezi wa nane ikachomoza ncha ya kijani, nene kama penseli. Mama jirani alikuja jioni na kopo lake mkononi. Akanyanyua mmea, akaupima, akauweka chini. Maji akaenda kuyamwaga nje, kwenye mbuni.