Salamu Isiyojibiwa: Lugha na Mwenye Usonji katika Moshi

Mwezi wa Desemba barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari, kwa kuwa Wachaga waliotawanyika nchini hurejea vihambani mwao kula Krismasi. Machame, Kibosho, Marangu na Rombo hufurika jamaa. Mbuzi huchinjwa, mtori na mbege huandaliwa, na kila aingiaye uani huamkiwa na wadogo zake na kuwaamkia wakubwa zake. Katika siku hizo mtoto hupimwa kwa kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: ameamkia au hakuamkia. Alama alizopata shuleni huulizwa baadaye. Akitamka "shikamoo" amelelewa. Akinyamaza na kugeuza uso, hukumu hutolewa papo hapo, tena aghalabu humwangukia mama yake kuliko yeye mwenyewe.

Kipimo hicho ndicho kimwumizacho mwenye usonji. Usonji ni hali ya maumbile ya ubongo, ambayo kwayo mtu husikia sauti, huona mwanga, huhisi mguso na hupokea maneno kwa namna isiyokuwa ya wengi. Wako wenye usonji wasemao kwa ufasaha, na wako wasiotamka neno maisha yao yote. Katika ua wa Krismasi, ambamo watu thelathini huongea pamoja, moshi wa jikoni hutanda na mikono ya mashangazi hufinya mashavu, kijana aendaye kukaa peke yake migombani hakumdharau mtu. Ametafuta mahali ambapo masikio yake yatapumzika. Walakini lugha ya uani haikosi majina ya kumpa: ana kiburi, hana adabu, zezeta, taahira, na penye huruma, maskini.

Leo Kanner alipoeleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger huko Vienna mwaka 1944, kila mmoja aliandika habari za watoto wa jamii yake na malezi yake. Katika orodha za dalili zilizoenea baada yao, kutomtazama mtu machoni kumepewa nafasi ya mbele. Orodha hiyo ikipandishwa mlimani bila kutafakariwa hugonga mwamba. Kwa Mchaga wa malezi ya zamani, mtoto amkaziaye mkubwa macho ndiye mkosefu, na ainamishaye uso ndiye mwenye heshima. Basi mwenye usonji wa Kibosho huweza kushinda mtihani wa macho na kuanguka katika mtihani wa ulimi, ilhali mwenzake wa London huanguka katika ule wa macho kwanza. Hali yao ni moja. Mahakama ndizo mbili. Ni dhahiri kwamba sehemu ya kile kiitwacho dalili hukaa ndani ya mtazamwa, na sehemu nyingine hukaa katika desturi ya mtazamaji.

Kiswahili chenyewe kinastahili kuhojiwa hapa. Lugha hii iliwaweka walemavu katika ngeli ya vitu kwa maumbo ya majina yao: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, sawa na kiti na kikapu. Upatanisho wa sentensi uliwaokoa nusu, kwani husemwa "kipofu amekuja", si "kipofu kimekuja". Yaani sarufi iliwavua utu kwa jina ikawarudishia kwa kitenzi. Usonji ni neno lililoingia katika matumizi ya wengi juzi tu, wakati wasemaji walipokwisha kuionea haya ngeli hiyo, na kwa bahati njema hakuna aliyethubutu kusema "kisonji". Husemwa "mwenye usonji", kama vile mwenye shamba au mwenye hekima, na hilo ni jina la heshima.

Lakini aibu iliyofukuzwa mlangoni kwa nomino imeingilia dirishani kwa vitenzi. Habari za magazeti na redio husema fulani "anaugua" usonji, "anasumbuliwa" nao, "ameathirika" nao. Mtu huugua malaria akapona au akafa. Usonji haupatikani kwa mbu wala hautibiwi kwa vidonge, na mwenye nao akisumbuliwa, mara nyingi msumbufu wake ni kelele ya stendi kuu ya Moshi, au konda wa daladala amsukumaye ndani, au mwalimu achukuliaye ukimya kuwa ukaidi. Kiambishi u- hakina hatia: kimezaa ugonjwa na upofu, lakini kimezaa pia utu na ujuzi. Hatia ni ya kitenzi kilichochaguliwa.

Hata methali ya huruma ina kasoro yake. "Hujafa hujaumbika" husemwa kila apitapo mlemavu, na nia ya asemaye ni njema. Walakini maana yake ni kwamba usimcheke, kwa sababu kesho waweza kuwa kama yeye. Humtetea kwa kumfanya kitisho. Msikilizaji hufundishwa kujihurumia mapema, na yule aliyekusudiwa kutetewa huondoka akijua kwamba yeye ndiye mfano wa bahati mbaya ya wengine.

Wenye usonji wanajisikiaje watendewapo hivyo? Swali hili huulizwa mara chache, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili juu ya usonji aghalabu hutoka kwa mzazi, daktari au mwandishi wa habari, na mwenyewe huwa mada ya sentensi bila kuwa msemaji wake. Kwingineko wenyewe wameandika: Temple Grandin wa Marekani mwaka 1986, Donna Williams wa Australia mwaka 1992, na Jim Sinclair, ambaye mwaka 1993 aliwataka wazazi waache kuwaomboleza watoto walio hai. Malalamiko yanayorudi katika ushuhuda wa namna hii si ya usonji wenyewe peke yake. Ni ya kusemwa mbele ya masikio yao kama watu wasiokuwapo; ya kudhaniwa hawana hisia kwa kuwa nyuso zao hazikuonyesha hisia kwa mtindo uliozoeleka; na ya uchovu wa kuvaa uso usiokuwa wao kutwa nzima ili waruhusiwe kukaa na watu.

Malalamiko hayo yamepata mizani ya kitaalamu. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walichapisha uchunguzi ambao ndani yake watu wasio na usonji waliwaona au kuwasikia wenye usonji kwa muda mfupi tu, na mara hiyo wakapunguza hamu ya kuzungumza nao au kukaa karibu nao. Lakini waliposomeshwa maneno yaleyale yaliyoandikwa, bila sauti wala sura, upungufu ule ulitoweka. Kwa mwanafunzi wa fasihi jambo hili lina uzito mkubwa. Matini haikuwa na kosa. Hukumu ilitokana na namna msemaji alivyoonekana na kusikika.

Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji humwelewa kwa shida asiye nao, na asiye nao humwelewa kwa shida vilevile, ila huyu wa pili ni wa kundi kubwa na hakuna amwitaye mgonjwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walipitisha hadithi kutoka mdomo hadi mdomo katika minyororo ya watu wanane wanane; minyororo ya wenye usonji peke yao ilihifadhi hadithi sawa na ile ya wasio nao, na ile ya mchanganyiko ilipoteza mengi zaidi. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2025 halikuiona tena tofauti hiyo ya mchanganyiko, na ni haki kusema hivyo. Majaribio yote mawili yanakubaliana kwamba mwenye usonji hakuiharibu hadithi kwa sababu ni mwenye usonji.

Katika ngano za Waswahili yupo mtu apokeaye maneno kama yalivyo, naye ni Abunuwasi. Humshinda tajiri na mfalme kwa kukataa kusikia zaidi ya kilichotamkwa, na wasikilizaji huchekelea werevu wake. Mtoto mwenye usonji darasani Majengo au Pasua akiambiwa na mwalimu mwenye hasira "rudia tena nione!" naye akarudia, kwa kuwa ameamriwa, huchapwa. Yeye hakukusudia ujanja wa Abunuwasi, na pengine ndiyo sababu hasamehewi: jamii hupenda maana wazi itumiwapo kwa hila, na huiadhibu itumiwapo kwa unyofu.

Mji wa Moshi hauna uhaba wa mahali pa kuuliza. Iko Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na kiko kituo cha Gabriella kiwahudumiacho watoto wenye usonji na ulemavu mwingine. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Lakini mama hushuka kutoka hospitali na neno jipya mkononi akalikuta neno la zamani likimngoja nyumbani: laana, mwiko uliovunjwa, mimba isiyotunzwa. Wasomi wasimcheke jirani asemaye hayo. Bruno Bettelheim alichapisha kitabu kizima mwaka 1967 akiutupia ubaridi wa wazazi, na hasa wa mama, lawama ya usonji, na wasomi wakamwamini.

Mlima huu unao usemi usiohitaji ulimi. Mchaga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na aliyeletewa jani hilo huona vigumu kukataa kusamehe, hata kama mwombaji hakufungua kinywa. Isale hilohilo hupandwa mpakani mwa kihamba, nalo husema "hapa ni kwa fulani" miaka yote bila sauti. Watu wasomao jani kwa ustadi namna hii hawawezi kudai kwamba mkono wa mtoto uwavutao hadi kwenye mtungi wa maji si neno.

Jambo hilo huwa zito kuliko salamu wakati wa kugawa urithi. Kwa desturi nyumba ya baba na kihamba kiizungukacho hubaki kwa mwana wa kiume wa mwisho. Itukiapo kitinda mimba huyo kuwa na usonji, baba wadogo na kaka hukutana uani baada ya Krismasi, kabla magari hayajarudi Dar es Salaam. Huenda yeye ndiye ajuaye kila mgomba ulipopandwa na siku gani maji ya mfongo huwafikia. Hukaa hatua chache kutoka kwenye viti vyao, ameinamisha uso, nao humzungumzia bila kumtaja jina: "Na huyu, tumfanyeje?"