Sifa za Msomaji wa Kibanjani

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa kila mwenye ufundi wake ana heshima yake. Mwenye kibanja kilichotandazwa nyasi vizuri, migomba ikakaa kwa nafasi na mibuni ikapogolewa kwa wakati, hutajwa kwa jina hata na watu wa kijiji cha pili. Wahunzi walikuwa na sifa tangu enzi za watawala wa ufalme wa Karagwe kule Bweranyange, na ng'ombe wadogo wa chuma waliokuwa sehemu ya hazina ya ufalme ni ushahidi wa mikono yao. Lakini yupo fundi mmoja ambaye hatajwi popote. Ni yule anayesoma kila siku, kidogo kidogo: kipande cha gazeti kilichofungiwa bidhaa dukani, kijitabu kilichoachwa na bwana shamba, makala iliyofunguka kwenye simu jioni baada ya kazi. Wengi humwona anapoteza muda. Mimi namwona fundi, na nia yangu hapa ni kueleza kwa nini. Nadai kwamba tumaini na furaha anayoipata mtu huyu katika kusoma haimwangukii kwa bahati. Inatokana na ufundi wa mambo matatu: kujua kuchagua cha kusoma, kujua kukipima, na kujua kukigawa. Mtu akikosa hayo matatu, hata angesoma usiku kucha, atalala na habari nyingi na moyo mzito.

Tuanzie kwenye mgomba, maana huku ndiko chakula kinakoanzia. Mnyauko unaosababishwa na bakteria uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla hazijakomaa, na shina likikatwa hutoa uteute wa njano. Kwa familia inayokula ndizi mchana na usiku, dalili hizo ni tangazo la njaa. Ushauri wa watafiti, ukiandikwa, haujazi hata nusu ukurasa: vunja ua dume mara tu chane la mwisho linapojitokeza; tumia kijiti chenye panda; panga likilazimika kutumika, lipitishe kwanza motoni; mgomba ulioumwa uondolewe. Sasa tazama wasomaji wawili. Wa kwanza anasoma haraka, anaondoka na maneno "ondoa ua dume", anashika panga na kuzunguka shamba zima, mgomba hadi mgomba, akiupeleka ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Wa pili anasimama kwenye kijiti na kujiuliza: kwa nini kijiti, na panga ninalo? Anarudi juu, anasoma tena, na kupata jibu. Wadudu wanaotembelea ua ndio wanaobeba bakteria, na utomvu unaobaki kwenye makali ya panga unafanya kazi ile ile. Kijiti chenye panda kinavunja ua bila chuma kupita kwenye jeraha. Maandishi ni yale yale, simu inaweza kuwa ile ile, lakini kibanja cha mmoja kitapona na cha mwingine kitakwisha. Hapo ndipo nasema kusoma ni kazi ya ustadi. Na furaha ya msomaji wa pili ni ya kweli, maana ameelewa sababu, na mwenye kuelewa sababu hangoji kuamriwa tena.

Mtu anaweza kudhani ufundi huu umekuja na simu. Sivyo. Wakati wa sensa ya 1967, takriban asilimia 67 ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Mkoa wetu wa Kagera, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya kanda ya ziwa iliyoingizwa katika mradi wa majaribio wa kisomo ulioendeshwa kuanzia 1968 kwa msaada wa UNESCO. Wazo lake lilikuwa la busara: mtu mzima ajifunze herufi kupitia kazi anayoifanya kila siku, si kupitia sentensi zisizomhusu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi. Walisikiliza redio pamoja, mmoja akawasomea kijitabu kwa sauti, kisha wakajadili na kukubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka vichaka. Tazama jinsi ufundi wetu ulivyokuwa umekamilika pale. Somo lilichaguliwa, likapimwa kwa mjadala wa wenyeji, likagawanywa mpaka kwa asiyejua herufi moja. Mwaka uliofuata kanda ya ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya waliomaliza kisomo. Waliolipa jina hilo walijua hatari iliyokuwa mbele: mtu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, ujuzi wake hufa. Uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980 na karatasi kuadimika, hatari hiyo ilitimia kwa wengi.

Ndiyo maana simu mkononi mwa mkazi wa Nkwenda, Kaisho au Kayanga ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Imejaza pengo lile lile lililowashinda waliotutangulia, pengo la kukosa cha kusoma. Maktaba ya mkoa iko Bukoba, mbali na vijiji vingi vya Kyerwa, lakini vitabu vya shule vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinafunguka kwenye maktaba mtandao, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaandikwa na watu wa kujitolea ambao hupokea mchango wa yeyote mwenye ujuzi na subira. Na Karagwe yenyewe imeshatoa mfano wa namna ya kukitumia kisima hicho. Joseph Sekiku, mwanzilishi wa shirika la FADECO na redio yake ya jamii, alijulikana kwa kutafuta maarifa ya kilimo kwenye intaneti na kuyafikisha kwa wakulima kwa Kiswahili chepesi kupitia redio hiyo. Mtu mmoja akisoma kwa niaba ya maelfu, bibi asiye na simu kule bondeni naye ameingia kwenye intaneti bila kujua kwamba ameingia.

Lakini kusoma si kwa ajili ya migomba peke yake, na nisingependa msomaji wa kibanjani asifiwe kwa manufaa tu. Ipo furaha ya kukutana na jambo usilolitarajia kabisa. Kijana wa Kyerwa mwenye bando dogo anaweza leo kufungua bure kitabu cha msafiri Mwingereza John Hanning Speke kilichochapwa mwaka 1863 na kukuta humo kurasa nyingi kuhusu nchi ya kwao. Speke aliingia Karagwe mwishoni mwa 1861 na kupokewa na Mukama Rumanyika. Aliandika kwamba mfalme huyo alikuwa na akili nyepesi na kiu kubwa ya kujua, hata muda wa mazungumzo yao ukapita bila kuhisiwa. Hebu fikiria kijana huyo anavyojisikia. Amezoea kuambiwa kwamba udadisi ni kitu cha kuletwa na wageni, naye anagundua kwenye maandishi ya mgeni mwenyewe kwamba mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Tangu mwaka 2019 jina la mfalme huyo limebebwa na hifadhi ya taifa, lakini bango la hifadhi halitamweleza mpita njia mfalme alikuwa mtu wa namna gani. Kurasa zile zitamweleza.

Hata hapo, ufundi wa kupima hauwekwi kando. Speke huyo huyo alijaza kitabu chake nadharia kwamba watawala wa nchi hizi walitoka Uhabeshi na walikuwa watu bora kuliko waliotawaliwa, nadharia iliyokuja kuleta maafa makubwa katika eneo la Maziwa Makuu. Anayesoma kwa pupa atameza sifa na sumu kwa pamoja. Fundi atatafuta kitabu cha pili. Atakutana na Israel Katoke, mwanahistoria aliyechapisha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, na hapo masimulizi ya wenyeji yamepewa uzito wa ushahidi. Atakutana na msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza ulioandaliwa na Josephat Rugemalira na kutolewa mwaka 2002, na kuona kwamba lugha anayoongea na bibi yake ni lugha ya kuandikwa na kuchunguzwa Chuo Kikuu. Kisha atawauliza wazee, ambao hawakuhitaji Speke ili kumjua Rumanyika. Huko kulinganisha kitabu na kitabu, na kitabu na mzee, ndiko kunakomfanya mtu asimame wima. Tumaini la namna hii halitegemei habari njema. Linatokana na kujua kwamba akili yako inaweza kutenganisha pumba na mchele.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza atasema: simu hiyo hiyo imeleta uzushi, dawa za kitapeli, kamari na picha za maafa asubuhi na jioni, vijana wameingia kutafuta matumaini wakatoka na hofu. Ni kweli, wala sitaki kuipunguza kweli hiyo. Lakini tuone inathibitisha nini. Ujumbe wa uzushi una tabia moja: unakuomba uusambaze kabla hujaufikiria. Unaruka kupima na kwenda moja kwa moja kwenye kugawa. Kwa hiyo madhara yake yanatokana na ufundi kukatwa katikati, na tiba yake ni kuurudisha ufundi mzima. Nani kaandika? Lini? Kajuaje? Nani mwingine kasema hivyo? Maswali hayo manne yakifundishwa shuleni na kuzoeleka katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, yatasaidia kuliko kumnyang'anya kijana simu, ambayo kesho ataipata kwa rafiki yake.

Wa pili atasema: bando ni ghali, umeme na mtandao havijafika kila kitongoji, na maarifa mengi yako kwa Kiingereza. Unamsifu msomaji ambaye wengi hawawezi kuwa. Hoja hii inaniuma zaidi, maana kikwazo ni cha kweli na maneno matamu hayakiondoi. Jibu langu ni kwamba kusoma huku kwetu hakujawahi kuwa jambo la mtu mmoja na kitabu chake. Katika Mtu ni Afya kijitabu kimoja kilitosha kundi zima. Bando moja nalo linatosha ua mzima ikiwa mwenye nalo anajua kueleza. Mwanafunzi wa sekondari anayeifasiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili, na mama yake akaimalizia kwa Runyambo kwa bibi, wamefanya kazi ya uchapaji wa vitabu pale pale jikoni. Umaskini wa vifaa unaifanya sehemu ya tatu ya ufundi wetu, ile ya kugawa, iwe wajibu mkubwa zaidi. Wakati huo huo tusiache kudai minara, umeme na maktaba za wilaya, kwa sababu ukarimu wa msomaji haupaswi kuwa kisingizio cha kumnyima mwenzake haki.

Wa tatu ndiye mkali kuliko wote: tumaini halilipi ada. Atatuonyesha mkulima anayeuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto amefukuzwa shule leo. Msomee nini huyo? Nakubali kwamba kusoma peke yake hakutamwokoa. Anahitaji chama cha msingi kinacholipa kwa wakati na mkopo usiomnyonga. Lakini butura inakula pia kwa mlango mwingine: inamkuta mkulima asiyejua kahawa yake itakuwa na thamani gani miezi michache ijayo. Siku hizi matokeo ya minada ya kahawa husambaa kwenye simu mara yanapotoka. Mwenye kuyasoma, akayaweka kumbukumbu msimu hadi msimu na kuyaeleza kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, anawapa wenzake kitu ambacho mnunuzi wa butura hataki wawe nacho, yaani sababu ya kusubiri. Hilo ndilo tumaini ninalolisifu. Lina hesabu ndani yake, na lina majina ya watu walio tayari kusaidiana mpaka mavuno.

Basi kama hoja yangu ina nguvu yoyote, iishie kwenye matendo. Kila chama cha msingi, kila kikundi cha kina mama, kila kwaya na kila darasa la madrasa lina uwezo wa kutenga dakika kumi katika mkutano wake, mtu mmoja akasoma kwa sauti jambo moja jipya alilolipata wiki hiyo, akataja alikolitoa, na wengine wakaruhusiwa kumbishia. Hakuna bajeti inayohitajika. Kinachohitajika ni kumpa msomaji kiti na kumheshimu kama tunavyomheshimu mwenye kibanja kizuri. Tukifanya hivyo, watoto wa Karagwe na Kyerwa watakua wakijua kwamba kusoma ni kazi ya watu wazima wenye akili, yenye raha yake na faida yake, na watakuwa na hamu ya kuirithi.