Gurudumu la Ubao

Anayetaka kumpima fundi wa chukudu asianzie kwenye usukani, ingawa ndio unaovuta macho kwa upana wake na ncha zake zilizopinda kama pembe za ng'ombe. Ainame atazame gurudumu la nyuma. Ni mti mtupu: halina spoki, halina rimu, halina upepo ndani. Limechongwa kwa panga, likasawazishwa kwa jicho, kisha likavalishwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari kuzunguka ukingo wote. Likiwa duara kweli, gunia la viazi hushuka mlima bila kelele nyingi. Likipungua upana wa kidole upande mmoja, kila mzunguko unampiga mwendeshaji gotini, na haupiti muda mrefu kabla tundu la ekseli halijaanza kupanuka.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye hajawahi kuiona, chukudu ni chombo cha magurudumu mawili, cha mbao karibu chote, chenye urefu wa mita mbili hivi. Hakina injini, pedali wala mnyororo. Katikati kuna ubao mnene wa kuwekea mzigo, mbele kuna nguzo ya usukani, na nyuma kuna mwanamume aliyeweka goti moja juu ya ubao huku akisukuma ardhi kwa mguu mwingine. Chukudu ya kawaida ya kazi hubeba kilo 450, na zile kubwa hufika 800. Ilianza kuonekana Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1970, na majira yake si ya kubahatisha. Mwishoni mwa 1973 Rais Mobutu alinyang'anya wageni maduka na mashamba yao akawagawia watu wake, na baada ya hapo biashara ikadorora, vipuri vikaadimika, barabara zikaachwa zijiharibikie. Mkulima aliyekuwa na kabichi mlimani na wateja bondeni alibaki na vitu vitatu: miti, panga na mteremko.

Mimi naandika kutoka Oicha, na lazima niseme mapema kwamba hapa si nyumbani kwa chukudu. Tuko kilomita kama 30 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya Eringeti na Komanda, pembeni mwa msitu, katika nchi ya kakao. Ardhi yetu haina milima ya kutosha. Gunia la kakao hupanda pikipiki, na pikipiki hupita zimebeba kuliko akili inavyokubali. Lakini Oicha tunajua mbao. Magogo na mbao za mkangazi na miti mingine hupita kwenye barabara hizi kuelekea Butembo, kisha mpakani Kasindi, kisha Uganda na kwingineko, na mtoto wa hapa hujifunza mapema kutofautisha mti kwa harufu ya vumbi lake. Ndiyo maana nikiiona chukudu siangalii kwanza mzigo, naangalia mti.

Mti wenyewe mara nyingi ni mkaratusi. Huo ni mgeni katika nchi hii. Uliletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni na ujenzi, na leo vilima vya Butembo na Lubero vimejaa mistari yake. Una sifa mbili anazozitaka fundi: hukua haraka na kunyooka, na ukikauka huwa mgumu na mzito. Una pia tabia moja mbaya inayojulikana na kila seremala, nayo ni kupasuka. Mkaratusi uliokatwa leo na kuwekwa juani kesho utafunguka nyufa mwishoni mwa wiki. Fundi mwenye haraka huuza chukudu yake kabla nyufa hazijaonekana. Fundi mwenye jina la kulinda huacha mti ukauke kivulini polepole, kisha hukata miisho yote iliyopasuka bila huruma, hata kama ubao utabaki mfupi kuliko alivyokusudia. Kwa sehemu zinazoumia zaidi wengi hutafuta mti mwingine mgumu unaoitwa mumba.

Hapo tunarudi kwenye gurudumu. Mtu asiyejua angedhani njia rahisi ni kulaza gogo la mviringo na kukata kipande chake kama unavyokata muhogo: tayari una duara, kazi imekwisha. Kipande hicho kitapasuka kutoka katikati hadi ukingoni, kwa sababu mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata pete zake kuliko kuelekea kiini chake, na nguvu hiyo lazima itoke mahali fulani. Kwa hiyo gurudumu la kudumu huchongwa kutoka kwenye ubao mpana, nyuzi zikipita upande mmoja. Duara huchorwa kwa msumari na kamba. Kisha huja panga, na hapa ndipo nimesimama mara nyingi nikitazama mafundi bila kuchoka. Mkono wa kushoto hugeuza ubao kidogo kidogo, mkono wa kulia hushusha panga kwa pigo fupi lisilopita mstari, na vipande vinavyoruka vinapungua ukubwa kadiri anavyokaribia, mpaka mwishoni ni vumbi. Hakuna anayepima kwa rula. Fundi huchomeka mti katika tundu la katikati, huzungusha, hutazama ukingo unavyopita mbele ya kidole gumba alichokiweka bila kukigusa, husimamisha palipomgusa, hupapunguza, huzungusha tena.

Ukanda wa tairi nao una akili yake. Hukatwa mfupi kidogo kuliko mzingo wa gurudumu, ili uvutwe kwa nguvu wakati wa kupigiliwa. Mpira uliovutwa huubana mti pande zote na kuuzuia kufunguka. Ule uliolegea hukusanya mawe madogo chini yake na kuanza kuutafuna mti wenyewe. Misumari haipigwi katikati ya ukanda, pale unapogusa barabara moja kwa moja, la sivyo vichwa vyake vitasagika na ukanda utatoka ukiwa mlimani.

Ekseli ndiyo iliyobadilika zaidi. Mti ukisuguana na mti huhitaji mafuta kila mara, na hata ukipata mafuta hulia. Siku hizi chukudu nzuri ina beringi iliyotolewa katika gari lililokufa, ikapigiliwa kwa nguvu ndani ya tundu lililochongwa dogo kuliko yenyewe kwa kiasi kidogo sana. Kiasi hicho ndicho siri. Tundu likiwa kubwa, beringi inacheza na mti unalika. Likiwa dogo mno, pigo la nyundo linapasua gurudumu zima na kazi yote inaishia jikoni.

Breki ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma; mwendeshaji hukikanyaga kwa kisigino na kuomba. Siisifu breki hiyo. Ni sehemu pekee ya chombo hiki ninayoiona haijakamilika, na wanaoshuka na nusu tani mbele yao wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini tazama kile kipande cha ndala au sponji kilichopigiliwa kwenye ubao, mahali pa goti. Kimewekwa pale hasa ambapo mtu mwenye urefu fulani atapiga goti huku mikono ikifikia usukani bila kunyooka kabisa. Chukudu hutengenezwa kwa kipimo cha mtu, kama suti ya fundi cherehani. Mnunuzi hupiga goti, fundi hutia alama, ndipo msumari huingia.

Wapo wanaoilinganisha chukudu na chombo cha zamani cha Ulaya. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka Mannheim akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, akisukuma ardhi kwa miguu. Vitabu vya historia ya baiskeli huanzia hapo, kisha huruka hadi Paris ya miaka ya 1860 pale pedali zilipofungwa kwenye gurudumu la mbele. Picha ya chombo cha Drais ikiwekwa kando ya chukudu, watu husema haraka kwamba Kongo imerudi nyuma miaka mia mbili. Huo ni uvivu wa macho. Drais alitengeneza chombo cha kubeba bwana mmoja aliyevaa koti. Ukiweka magunia manne juu ya chombo chake kitavunjika kabla hakijaondoka. Chukudu ilianza na swali jingine kabisa, la mzigo, na ndiyo maana ubao wake uko chini, mnene, na magunia huegemea nguzo ya usukani. Kupanda mlima hakuna anayepiga goti: mtu hushuka, hushika pembe moja ya usukani, mkono mwingine husukuma magunia, na mara nyingi vijana wawili huongezwa nyuma kwa malipo ya vocha au soda.

Mahali pa kuiona kazi hii ikiwa katika fahari yake ni barabara ya Kibumba kushuka Goma, kando ya volkano ya Nyiragongo: zaidi ya kilomita 20 za mteremko, kabichi na viazi na makaa, wanaume wakipita kwa mwendo unaomfanya dereva wa gari akae pembeni. Mlima wenyewe ulilipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji. Waliojenga upya nyumba za mbao juu ya jiwe lililokuwa bado na joto walihitaji chombo kinachoweza kwenda pasipo na barabara, na chukudu haina upepo wa kutoboka. Mwaka 2009, enzi za Rais Joseph Kabila, ilisimamishwa sanamu yake Goma, imepakwa rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko ambao leo kila mtu huuita Chukudu. Naiona rangi hiyo kama imezidi. Mti uliolainishwa na viganja vya mtu kwa miaka miwili una rangi nzuri kuliko dhahabu yoyote. Kwa sasa kutoka huku kwetu hakuna njia rahisi ya kwenda kuiona, kwa kuwa mstari wa vita umekata barabara kusini mwa Lubero.

Kama ni kuheshimu chombo, Nairobi wana desturi ninayoihusudu. Tangu 1970 klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo huandaa mashindano ya magari na pikipiki yanayoitwa Africa Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari ya zamani hupangwa kwenye nyasi, waamuzi hupita, hufungua boneti, huingia ndani, huchungulia chini. Alama hutolewa kwa usafi na kwa jinsi gari lilivyotunzwa. Wenye magari husugua boliti moja moja kwa wiki nzima. Kuna wanaocheka watu hawa kwamba wana pesa na muda wa kupoteza. Mimi siwacheki. Mtu anayejua kila boliti ya gari lake na historia ya kila kipuri ana undugu na mwanamume wa Kibumba anayelala na chukudu yake ndani ya nyumba. Huyo naye anajua ubao upi umebadilishwa, beringi ipi imetoka kwenye Toyota ya nani, na ufa upi umesimama na upi bado unatembea. Hata chama anacho: waendesha chukudu wa Goma wamejiunga, wakachangiana katika ugonjwa na msiba.

Tofauti kubwa ni umri. Alfa Romeo ya Nairobi hutunzwa ili isifanye kazi tena. Chukudu hufanya kazi tangu siku ya kwanza na huishi miaka miwili au mitatu. Hujengwa kwa siku moja hadi tatu, na ndogo huuzwa kwa bei nafuu kuliko ya mizigo mizito. Kwa hiyo hakuna chukudu ya kale. Kilicho cha kale ni mkono wa fundi.

Kama ningepewa nafasi ya kuandaa mashindano ya namna ile ya Nairobi, nisingeyaleta Oicha, nawaomba radhi jirani zangu. Ningeyapeleka Butembo, ambako mji wenyewe umekaa juu ya vilima na kuna mteremko wa kila daraja. Mtihani wa kwanza ungekuwa wa gurudumu: linainuliwa, linazungushwa kwa mkono, mwamuzi anasikiliza na kuhesabu mizunguko hadi lisimame. Wa pili ungekuwa wa maungio, na hapo mwamuzi angeshika usukani na kuutikisa huku goti lake likiwa ubaoni. Wa tatu ungekuwa kilo 450 za viazi, kushuka, na mstari wa chokaa wa kusimamia. Najua ugomvi ungeanzia wapi. Wazee wangedai chukudu yenye beringi iwekwe daraja lake peke yake, kwa kuwa ekseli ya mti ndiyo inayoonyesha ufundi. Vijana wangesema kuokota beringi katika chuma chakavu, kuisafisha kwa petroli na kuiingiza kwenye mkaratusi bila kuupasua ni ufundi mgumu zaidi. Mimi ningekuwa upande wa vijana, ila ningewakata alama kwa breki.