Alimentasyo Kwanza

Mezani pa fundi kuna mbao mama tatu, rundo la bareti za RAM zilizofungwa kwa mpira, na bisibisi ambayo bado haijaguswa. Papa, kiongozi wa kwaya, amekwisha kuuliza mara mbili kazi ya kuunga kompyuta ya kurekodia itaanza lini. Kazi imeanza zamani. Fundi anauliza na kuandika: kwaya inarekodi kwa maikrofoni ngapi kwa wakati mmoja? Chumba kiko karibu na barabara? Nyimbo zinahifadhiwa wapi? Umeme unatoka wapi? Jibu la swali hili la mwisho analiandika juu kabisa ya karatasi na kulipigia mstari.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara wa mashariki mwa Kongo uliokua kwa miongo mingi bila umeme wa gridi ya taifa. Maduka, zahanati na vinu vya kusaga viliendeshwa kwa jenereta, baadaye na paneli za jua, na ni miaka ya karibuni tu nyaya za umeme wa maji zimeanza kufika kwenye baadhi ya mitaa. Ndiyo maana fundi wa hapa hafuati utaratibu wa wapenzi wa kompyuta wa kwingineko, ambao huchagua prosesa kwanza, kisha kila kitu kingine kikaifuata. Yeye huanza na pawa saplai, ambayo hapa kila mtu anaiita alimentasyo.

Vifaa vyenyewe vimesafiri. Wafanyabiashara wa Butembo wana mazoea ya zamani ya kwenda kununua shehena Dubai na Guangzhou. Mizigo mingine hutoka Kampala, huvuka mpaka Mpondwe na kuingia Kasindi, kisha kilomita kama 80 hadi Beni na nyingine 54 hadi hapa, kwenye barabara ambayo usalama wake umekuwa wa mashaka kwa miaka. Nyingi ni kompyuta za ofisi zilizostaafishwa, Dell na HP, na kibodi zake zina herufi za Kiarabu au mpangilio wa Kiingereza, wakati vidole vya watu wa hapa vimezoea AZERTY. Ubao wa Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hupokea umeme kwa pini 8 za aina yake badala ya pini 24 za kawaida, na baadhi ya HP za umri huo nazo zina mpangilio wao. Anayenunua ubao kama huo peke yake hurudi sokoni kutafuta waya wa kugeuzia. Fundi aliuona mmoja kati ya mbao zake tatu, akauweka chini ya meza bila neno.

Sasa alimentasyo. Ya kwanza ni mpya, ina boksi lenye picha ya ndimi za moto na maandishi makubwa: 500W. Anaiweka kiganjani, anaipandisha na kuishusha.

“Papa, hii iko nyepesi.”

Anageuza upande wenye lebo, anapitisha ukucha kwenye safu za tarakimu hadi anapofika kwenye volti 12. Ampea 14. Volti 12 mara ampea 14 ni wati 168. Prosesa, feni na karibu kila kitu kinachofanya kazi nzito katika kompyuta ya leo hula kwenye mstari huo wa volti 12. Wati nyingine zilizoahidiwa kwenye boksi ama zimerundikwa kwenye mistari ya volti 5 na 3.3 ambako hazihitajiki sana, ama hazipo kabisa. Anairudisha ndani ya boksi kwa uangalifu uleule alioitolea.

Ya pili ni nzito, tena ina lebo nzuri. Mgongoni ina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Swichi hiyo imekwisha kuua mashine nyingi katika nchi zetu: alimentasyo iliyotegwa kwenye 115 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 220 hulia mlio mmoja, na biashara imekwisha. Fundi anaisukuma hadi 230 na kuifunika kwa kipande cha solotepu, kwa ajili ya mteja yeyote atakayeichukua siku nyingine. Haitakuwa ya Papa. Alimentasyo ya namna hii, ikiwa kwenye 230, inataka umeme usioshuka sana, na jirani wa Papa kwenye jenereta moja ni mchomeleaji wa milango. Kila anapogusisha fimbo kwenye chuma, volti huporomoka.

Ya tatu imetoka kwenye mashine ya ofisi, ina vumbi, wala haina boksi. Lebo yake inasema wati 320, ampea 24 kwenye volti 12, na kwenye mstari wa umeme unaoingia imeandikwa 100–240V. Hapo ndipo kidole chake kinaposimama. Volti zikishuka hadi 170 kwa sababu ya yule mchomeleaji, hii itavuta ampea zaidi ukutani na kuendelea kutoa 12 zilezile.

Lebo peke yake haimridhishi. Anainusa kwenye matundu ya hewa kutafuta harufu ya kuungua. Anamulika ndani kwa tochi ya simu kuona kama vichwa vya kapasita viko bapa au vimevimba. Anaipiga brashi, kisha anachukua kipande cha waya alichokikunja na kuunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwenye kiunganishi cha pini 24, feni inazunguka. Alimentasyo isiyo na mzigo hudanganya, kwa hiyo anaifungia balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, ya volti 12 na wati 35, ambayo Butembo hukosi kuipata kila kona. Balbu inawaka. Ncha za multimeta zinagusa waya wa njano na mweusi: 12.1. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani kuanzia 11.4 hadi 12.6. Mtu mwingine angetosheka. Yeye anaiacha balbu ikiwaka, anashughulika na mengine, na kila baada ya muda anarudi kupima tena, hadi kasha la alimentasyo limepata joto na tarakimu bado imekaa palepale.

Papa amesikia kwa mpwa wake kwamba prosesa lazima iwe i7. Fundi ana zote mbili kwenye kisahani, i5-4590 na i7-4770, za kizazi cha nne cha Intel, na zote zimekadiriwa wati 84. Ya pili inaweza kugawa kazi zake mara mbili zaidi, na kwa anayehariri video tofauti hiyo ingeonekana. Kwaya inayorekodi kwa maikrofoni mbili, sauti ya kwanza leo, besi kesho, haitaijua. Fundi anachukua i5, na pesa iliyobaki anaihamishia kwenye mstari wa SSD. Kuna wanaosema prosesa hizi zimezeeka, kwani Windows 11 haizikubali na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi naona ni upotevu kuzitupa kwa sababu hiyo. Fundi ataweka Linux na Audacity, na kompyuta hii mara nyingi haitaunganishwa na intaneti.

Zimebaki mbao mbili, zote za soketi ya 1150, na hapa ndipo anapotumia muda mrefu kuliko popote. Kwa mbao hizi prosesa ni bapa chini. Pini 1,150 ziko kwenye ubao, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimeinama zote upande mmoja. Anazima taa ya mezani. Anaishika tochi chini kabisa, karibu ilale juu ya ubao, ili mwanga ukate pini kwa ubavu, halafu anauzungusha ubao polepole. Pini nzima zinang’aa pamoja na kuzimika pamoja, mstari kwa mstari. Kwenye ubao wa kwanza, karibu na kona, kuna nukta moja iliyozimika kabla ya wenzake. Anauzungusha ubao tena, nayo inazimika tena mapema. Anatoa kalamu ya risasi ya kubonyeza, isiyo na risasi, anaivika ile pini kwenye mdomo wa kalamu, na kuinua kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Anamulika. Safari hii zote zinazimika pamoja.

Nilidhani ubao huo umepona na utatumika. Ameuweka kando. Pini iliyonyooshwa inaweza kufanya kazi miaka mingi, au inaweza kukatika siku prosesa itakapotolewa kusafishwa. Atauuza kwa bei ya chini, na atamwambia mnunuzi kwa nini. Papa atapewa ule wa pili, wenye chipu ya H81. Una nafasi mbili tu za RAM, jambo ambalo linamlazimu kuchagua bareti kwa makini zaidi.

Katika lile rundo anatafuta pacha: gigabaiti 4 na 4, DDR3, kampuni moja, kasi moja. Miguu yake imefifia. Anaisugua kwa ufutio wa wanafunzi, kisha anaipangusa. Kuhusu SSD ana ukali wa namna nyingine. Nyingine sokoni huandikwa gigabaiti 480 na ndani hazifiki hata nusu, kwa hiyo anaijaza data hadi ukingoni na kuisoma yote upya kabla ya kulipa. Diski kubwa ya kuhifadhia ni ya zamani, na programu inamwonyesha saa ilizokwisha kufanya kazi na kama kuna sehemu zilizoharibika. Ya kwanza ina sehemu hizo chache. Anaikataa. Noti za dola za Papa nazo zinachunguzwa vivyo hivyo, maana mpasuko mdogo pembeni unatosha noti ikataliwe mji mzima.

Kuunga vyote pamoja kunachukua muda mfupi ajabu. Prosesa inalala bila kusukumwa. Dawa ya joto ni tone dogo katikati. SSD inachomekwa kwenye mojawapo ya matundu mawili ya SATA yenye kasi, maana H81 ina mengine mawili ya nusu ya kasi hiyo na kwa macho yanafanana. Feni aliyoichagua ni ya milimita 120, inayozunguka polepole, kwani mvumo wa feni ndogo ya mbio ungeingia kwenye maikrofoni. Memtest inaachwa ipite RAM yote, zaidi ya saa moja, na hakuna anayeruhusiwa kugusa meza.

Mwisho anaichomeka kwenye onduleri, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme unapokatika, anaanzisha wimbo, na kung’oa waya wa onduleri ukutani. Onduleri za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi, na baadhi ya alimentasyo nzuri huukataa na kuzimika papo hapo. Wimbo unaendelea. Anarudisha, anang’oa tena, safari hii diski ikiwa inaandika.

Papa anadhani wamemaliza, anaanza kutafuta pikipiki ya kubebea. Fundi anamwonyesha plagi: waya umekuja na plagi ya pini tatu ya Uganda, na adapta za sokoni hapa nyingi zina pini mbili, zinaacha waya wa ardhi ukining’inia bila kazi. Spika zitavuma, na mvumo huo utakuwemo katika kila wimbo. Anaikata plagi, anafunga ya aina ya hapa yenye tundu la ardhi, na kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi: fimbo ya chuma, waya wa kijani na njano, nyundo.

“Fimbo nayo iko ya ordinateri?” Papa anauliza.

“Iko ya ordinateri, Papa. Mutaipiga nyuma ya nyumba, pale udongo unabakiaka na maji. Nitakuja kupima.”