Nani Mhusika Mkuu wa Msafara? Uhakiki wa Gemu ya "The Oregon Trail" Kutoka Ng'ambo

Utangulizi

Ndugu msomaji, usishtuke kuona gemu ya kompyuta ikihakikiwa humu. Tumefundishwa kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Sasa gemu ninayotaka kuijadili, The Oregon Trail, ilipozaliwa haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maneno matupu: mashine inachapa sentensi kwenye karatasi, mwanafunzi anajibu, mashine inachapa tena. Kama hiyo si hadithi, basi sijui hadithi ni nini.

Sababu ya pili ipo hapa hapa nyumbani. Sisi wa Ng'ambo tunaishi kwenye njia ya msafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, na wenzetu wanaosoma kompyuta wameanza kunong'ona kwamba watatunga gemu yake kwa kufuata mfano huo wa Wamarekani. Wazo zuri. Lakini nguo ya kuazima hupimwa kwanza.

Fani

Watunzi walikuwa vijana kama sisi. Mwaka 1971 Don Rawitsch, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mjini Minneapolis, alitaka kufundisha historia kwa mchezo wa ramani na karata. Wenzake wawili aliokaa nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wakifundisha hisabati. Wakamwambia kompyuta inaiweza kazi hiyo. Wakaimaliza kwa muda wa wiki mbili hivi, na Desemba 3 mwaka huo wanafunzi wakaicheza.

Muundo wake ni wa safari. Katika programu iliyochapishwa gazetini mwaka 1978, familia ya watu watano inasafiri maili 2,040 kwa gari la ng'ombe mwaka 1847. Mchezaji ana dola 700 za kununulia ng'ombe, chakula, risasi, nguo na mahitaji mengine. Kila baada ya wiki mbili za safari anaamua la kufanya. Akitaka kuwinda, anaandika upesi neno la mlio wa bunduki. Akichelewa, mnyama kakimbia.

Hapo ndipo ulipo usanii wa vijana hawa: neno limegeuka tendo. Mimi nakumbuka vitendawili vya nyumbani. Anayetega bila wa kumjibu hana utanzu, ana swali tu. Gemu hii nayo, bila mchezaji, ni karatasi.

Maudhui

Mgogoro unaanzia kwenye nafsi. Gemu inamwita mchezaji "wewe", lakini "wewe" huyo ni nani? Ni mwenye gari, mwenye pesa, anayekwenda kukaa kwenye ardhi ya wengine. Wenyeji wa ardhi hiyo wanaingia kama matukio ya nasibu: leo wanakuonyesha chakula, kesho huwaoni. Wao wenyewe hawana safari.

Mwaka 1974 Rawitsch, akiwa ameajiriwa na MECC, chombo cha elimu cha jimbo la Minnesota, aliichapa upya programu yake kutoka kwenye karatasi aliyoihifadhi. Kisha akarekebisha uwezekano wa kila tukio kwa kusoma shajara za wasafiri wa kweli. Huo ni utafiti, na nampongeza. Lakini shajara za nani?

Tulilete swali hili Tabora. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora hii. Katika vitabu vya wazungu wa namna hiyo, wapagazi ni watu wa kutoroka na kugoma. Ukiilisha programu vitabu hivyo, basi "mpagazi katoroka" itakuja kama mvua ya masika, bila sababu. Kumbe mtu huyo amebeba mzigo wa kilo 30 hivi, ana ujira aliopatana, na posho ikikatwa anaondoka. Hiyo si nasibu, ni hoja! Hata Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili chetu, alikuwa mwenye mali. Mpagazi wa Kinyamwezi alituachia nyimbo, si shajara.

Au mchukue Mirambo. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia, hata Stanley ikambidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji. Kwa mtindo wa Oregon, Mirambo atakuwa balaa, sawa na homa au mafuriko. Ukisimama Urambo, yeye ndiye mhusika mkuu.

Kuna atakayesema, "Bwana, gemu ni ya kujifurahisha tu." Haya, lakini hii ilitungwa kufundishia historia, na mtoto hukumbuka zaidi alichokifanya kuliko alichosomewa.

Biashara

MECC iliisambaza na baadaye kuiuza kwa mashule, ikapata jina Marekani nzima. Watunzi watatu hawakupata mrabaha. Mwaka 1995 kampuni hiyo ikatoa Africa Trail: mchezaji anakatisha bara letu kwa baiskeli kutoka Tunisia hadi Afrika Kusini. "Wewe" bado ni mpita njia.

Jirani zetu wameonyesha mlango mwingine. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi, ambamo shujaa ni mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana katika Leti Arts. Hapo nafsi imebadilika.

Hitimisho

Wenzetu wa kompyuta watunge, ila wasituanzishe na fedha mkononi. Mchezaji aanze na mzigo begani. Apatane ujira, apime kirangozi wake, ahesabu posho, aamue kugoma au kuendelea, na hongo ya njiani aijue inalipwa kwa nani na kwa nini. Nasi wa fasihi tusikae pembeni tukisubiri kuhakiki. Nyimbo za wapagazi ziko kwa wazee wetu. Tuwapelekee wenzetu kabla hawajafungua kitabu cha Burton.