Majina Mawili, Miraba Saba

Tarehe 5 Novemba 1996 Wamarekani walikuwa wakipiga kura, Bill Clinton huku, Bob Dole kule. Asubuhi hiyohiyo chemshabongo ya New York Times ilitoka na kidokezo cha kiburi, namba 39 mlalo: jibu lake, likiunganishwa na la namba 43, ndiyo habari kuu ya gazeti la kesho. Namba 43 ni ELECTED, yaani amechaguliwa. Namba 39 ina miraba saba.

CLINTON ni herufi saba. BOBDOLE nayo saba.

Simu zikaanza kumiminika kwa mhariri wa mafumbo, Will Shortz. Aliyejaza Clinton alimshutumu kwa kumpigia debe mgombea. Aliyejaza Dole alimwona amekosea. Kumbe wote walikuwa wamepata.

Fumbo hilo nimelijaza kwa penseli, nikafuta, nikalijaza tena kwa jina la pili, ili nione fundi alipopitisha sindano. Kila herufi ya jina hukatwa na neno la wima, na kila neno la wima lazima likubali herufi mbili bila kidokezo kubadilika hata nukta. Mnyama mweusi wa Halloween: ukiwa na C ni CAT, paka, ukiwa na B ni BAT, popo. Neno la mwanzoni mwa kujifunza Kifaransa: LUI au OUI. Kitu cha kununua duka la vifaa vya kushonea: YARN, uzi, au YARD, yadi ya kitambaa. Hapo unaanza kutabasamu. Kisha unafika kwenye kidokezo cha neno moja tu, “Trumpet”, unawaza tarumbeta, unakwama. Lisome kama kitenzi. Kwa O linatoa BOAST, kujitapa. Kwa L linatoa BLAST, kupuliza kwa kishindo. Hapo niliweka penseli chini, nikaenda kuchemsha chai.

Zipo mbinu nyepesi za kuchezea majina ya watu maarufu. Vuruga herufi za Clint Eastwood upate “Old West action”, vurumai za Marekani ya magharibi ya zamani, jambo linalomfaa kabisa mwigizaji wa sinema za wachunga ng’ombe. Tamu, sikatai. Lakini hiyo ni embe iliyodondoka yenyewe. Aliyeiona kwanza ndiye kaiokota. Fumbo la 1996 halikudondoka popote. Limejengwa na Jeremiah Farrell, mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Butler, Indiana, na alilibeba kichwani muda mrefu. Mwaka 1980 alikuwa amempelekea mhariri wa wakati huo, Eugene Maleska, wazo lilelile kwa CARTER na REAGAN, sita kwa sita. Maleska akalikataa: na je, akishinda Anderson? John Anderson alikuwa mgombea binafsi, na mwisho wa siku hakupata jimbo hata moja. Farrell akangoja miaka 16.

Nami nikajitia ufundi. Majina gani mawili ya soka huigawa Tanzania yetu katikati? SIMBA, YANGA. Herufi tano kwa tano, na ya mwisho ni A kote kuwili, zawadi ya bure. Zikabaki nne. S au Y: “bila kubakiza”, SOTE au YOTE. I au A: “fanya vizuri mtihanini”, PITA au PATA. M au N: “jipatie fedha, kwa jasho au kwa ujanja”, CHUMA au CHUNA. Hili lilinigharimu Jumamosi nzima, na bado najua kidokezo kimeinama kidogo upande wa mjini. B au G nililipata ndani ya daladala, nikacheka peke yangu: “tabia ya mtunzi mvivu”, IBA au IGA.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe hapo ndipo pa kuanzia. Maneno hayo manne yanataka majirani, majirani nao wanataka majirani zao, na Kiswahili hupenda kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo ukingo wa kulia na wa chini wa jedwali hujaa A na I hadi pumzi inakata. Isitoshe, miraba myeusi hupangwa ili ukiligeuza jedwali juu chini sura ibaki ileile. Nimefuta hadi karatasi imetoboka chini ya SOTE.

Jioni nikamwonyesha jirani yangu vidokezo vya jina na vya yale maneno manne tu, bila jedwali. Akajaza YANGA bila kupepesa macho. Nikamwambia asome upya vidokezo, aone kama SIMBA nayo inaingia. Akasoma taratibu, kidole kwenye karatasi, akafika kwenye IGA, akaguna. Kisha akainua kichwa.

“Na Azam wakichukua ubingwa je?”

Sikuwa na jibu. Anderson hakupata jimbo. Azam walishabeba kombe la ligi 2014.