Nchi Iliyofiwa: Maandishi ya Sanamu na Majina ya Mitaa ya Eastlands

Suala la iwapo mtu anapaswa kuwa tayari kuifia nchi yake limejitokeza mara nyingi katika uhakiki wa tamthilia za kihistoria za Kiswahili. Aghalabu mjadala huo huanza na shujaa na kukomea kwake: alithubutu au hakuthubutu, alisaliti au hakusaliti. Makala haya yanachukua njia tofauti. Yanasoma kama matini vitu viwili ambavyo mkazi wa Nairobi huvipita bila kuvitazama, yaani maandishi ya sanamu ya askari iliyoko Kenyatta Avenue na majina ya mitaa ya Eastlands, kisha yanavilinganisha na tamthilia mbili. Hoja inayotetewa ni kwamba utayari wa kufa hauwezi kupimwa kwa kifo chenyewe. Sharti kwanza iulizwe ni nani aliyeita, na ni nani aliyefiwa.

Lugha yenyewe inaanza kutoa jibu. Kitenzi "kufia" kina maana zaidi ya moja. Mtu anaweza kufia mahali, na anaweza kufia jambo analoliamini. Lakini matumizi yaliyozoeleka zaidi ni yale ya msiba: mtoto akimfia mamaye, ni mama aliyepatwa na hasara, na ndiye anayeitwa mfiwa. Kwa hiyo kusema kwamba mtu ameifia nchi ni kusema pia kwamba nchi imefiwa. Mfiwa ana wajibu unaofahamika: hukaa matanga, humzika maiti wake, hulitaja jina lake, na hulea mayatima. Nchi isiyotimiza wajibu huo haijafiwa. Watu wamekufa tu ndani yake.

Sanamu ya Kenyatta Avenue, barabara iliyowahi kuitwa Delamere Avenue enzi za ukoloni, iliwekwa katika miaka ya 1920. Inaonyesha askari wawili na mpagazi mmoja. Maneno yake, ambayo hunasibishwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yamechongwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ujumbe wake una sehemu mbili. Ya kwanza inawakumbuka askari Waafrika, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliomfia mfalme wao na nchi yao katika vita vya 1914 hadi 1918. Ya pili inamgeukia msomaji na kumwahidi kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa katika fani ya matini hii. Kwanza, mfalme anatajwa katika sehemu ya kumbukumbu lakini anatoweka katika sehemu ya ahadi. Waliokufa walimfia mfalme na nchi. Anayeitwa sasa anaambiwa kuhusu nchi yake peke yake. Mfalme wa ng'ambo amejificha nyuma ya neno "nchi", na koloni limegeuzwa kuwa mali ya yule aliyenyang'anywa. Pili, kuna mabadiliko ya nafsi: "wao" wa kumbukumbu wanakuwa "wewe" wa ahadi. Sanamu iliyopaswa kuomboleza inageuka kuandikisha askari. Tatu, mpagazi anasawiriwa kwa taswira ya viungo. Yeye ni miguu, yeye ni mikono, hana kichwa wala kinywa. Ni vigumu kuona jinsi miguu na mikono ingeweza kuwa na jina la kukumbukwa na wana.

Historia inaikoleza kejeli hiyo. Wapagazi hao walikuwa wa kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, jina ambalo ulimi wa Kiswahili ulilifanya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1915 ilimpa mkoloni uwezo wa kuwachukua kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wengi walifia kusini, katika ardhi iliyokuwa koloni la Wajerumani. Mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia jamaa zao. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ahadi ya jina ilivunjwa na dola ile ile iliyoichonga kwenye jiwe.

Kilichobaki Eastlands ni jina la kikosi, si la mtu. Anayekwenda Kariokor kununua kiondo au kula nyama choma hutamka, bila kujua, jina la jeshi lililowameza babu zake. Si mbali na hapo, Soko la Burma linahifadhi kwa namna hiyo hiyo kumbukumbu ya vita vya pili. Kwa upande mmoja hii ni kumbukumbu ya wananchi, kwa kuwa ni wao walioliswahilisha neno na kulitunza pale serikali ilipoyapoteza majina. Kwa upande mwingine ni kumbukumbu isiyo na kaburi.

Mitaa iliyojengwa baadaye inalitatiza suala zaidi. Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyepinga matumizi ya nguvu na kuuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Alitoka katika ukoo wa Frere Town ulioipa fasihi ya Kiswahili James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Mitaa ya Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union aliyeuawa mwaka 1953. Mauaji yote mawili yalihesabiwa kuwa ya Mau Mau. Katika Eastlands hiyo hiyo upo mtaa wa Kimathi, wenye jina la kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama.

Msomaji wa ramani hii anakabiliwa na swali gumu. Je, wote watatu waliifia nchi? Mkoloni aliwaenzi wawili wa kwanza kwa kuwa vifo vyao vilimfaa. Taifa huru likamwongeza wa tatu bila kuwafuta wale wawili. Si haki kuwaita Mbotela na Ofafa vibaraka kwa sababu tu ya mkono ulioandika majina yao. Nao walikuwa na nchi waliyoifikiria, na njia ya kuifikia. Tofauti yao na mpagazi wa Kariokor ni kwamba kila mmoja alijichagulia njia, hata kama hakuchagua kifo.

Uchaguzi huo ndio kiini cha Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolitoa limemponyoka. Watu wameyaamini maji na wamekwenda kufa, na yeye mwenyewe ana shaka. Mwishoni anaweza kujiokoa kwa kukana. Anakataa, kwa kuwa kukana kungewaambia watoto na wajukuu kwamba waliopigana walikosea. Hapa ahadi ya sanamu inapinduliwa. Sanamu humwahidi mtu jina ili afe. Kinjeketile anakubali kufa ili jina la waliokwisha kufa lisichafuliwe. Hata hivyo, Hussein hampi nafasi ya kuwa mtakatifu, kwani tamthilia haituruhusu kusahau kwamba neno lake lisilohakikishwa liliwatanguliza wengine mbele ya risasi.

Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, inaongeza jambo jingine. Kimathi anashawishiwa seloni na wageni mbalimbali na anawakataa. Lakini mzigo wa kitendo unabebwa nje ya seli na mwanamke, mvulana na msichana, wahusika wasiopewa majina. Kutotajwa kwao si kule kwa mpagazi. Mwanamke huyo ana akili, ana mpango, na anamlea mvulana mpaka aelewe anachokibeba kilichofichwa ndani ya mkate. Mikono na miguu imepata kichwa. Udhaifu wa tamthilia ni kwamba imani yake kwa umma haiachi nafasi kwa mtu kama Tom Mbotela, aliyeitaka nchi ile ile kwa njia nyingine. Katika jukwaa hilo angeonekana msaliti tu.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo kila raia wake hudai uthibitisho kabla ya kuitetea haiwezi kudumu. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana uhuru wa Kenya haukuja bila watu walioweka maisha yao hatarini kabla ya kuijua nchi watakayopewa. Lakini hao walikuwa na uwezo wa kukataa, na ndiyo maana kukubali kwao kuna thamani. Penye shuruti hakuna kafara, pana upotevu. Nchi inayotaka raia wawe tayari kuifia haina budi kwanza kuonyesha kwamba inajua kufiwa. Kenya huru yenyewe iliendelea kulipiga marufuku jina la Mau Mau mpaka mwaka 2003, na sanamu ya Kimathi ikasimamishwa jijini mwaka 2007, nusu karne baada ya kunyongwa kwake.

Uhakiki wa tamthilia za uzalendo utanufaika ukiacha kuuliza tu kama shujaa alikufa vizuri, ukauliza pia nani anakaa matanga. Kwa kigezo hicho, matini nzito kuliko zote kuhusu kufia nchi mjini Nairobi huenda ni neno moja, Kariokor, lililoandikwa kwenye vibao vya matatu na kutamkwa na makondakta kutwa nzima, pasi na jina hata moja la mtu nyuma yake.